Gunia Tupu Halisimami: Mwili wa Ray C na Kicheko Chetu

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwa kinyozi hapa Kizota, nikisubiri zamu yangu. Kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kunyolewa alitoa simu yake, nayo ikapitishwa mkono kwa mkono. Kwenye kioo kulikuwa na picha mbili ubavu kwa ubavu, zote za mwanamuziki Rehema Chalamila, tunayemjua kwa jina la Ray C. Ya kwanza ilikuwa ya enzi za wimbo wa "Na Wewe Milele", kiuno chembamba mbele ya kamera. Ya pili ilikuwa ya miaka ya baadaye, baada ya matibabu, uso umejaa na mikono imenenepa. Chini yake mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwamba teja akipona hugeuka gunia. Kibanda kizima kilicheka. Nami, msomaji wangu, nilitabasamu kabla sijatambua ninacheka nini.

Makala haya ni jitihada ya kulilipa deni la tabasamu lile. Ninachotaka kukisema ni kifupi: kicheko kinachomsubiri mgonjwa anayepona ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na sisi tunaocheka tuna mkono katika idadi ya wale wasiopona.

Tuanze na biashara tuliyoifanya na msanii huyu. Ray C, mzaliwa wa Iringa, alianza kama mtangazaji wa redio, kisha akaingia katika Bongo Fleva mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wanawake katika fani hiyo walikuwa wakihesabika kwa vidole. Alikuwa na sauti laini na tungo za mapenzi zilizokaa vinywani mwa watu kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Lakini jina tulilompa halikutoka katika sauti wala katika tungo. Tulimwita "kiuno bila mfupa". Mapromota, vituo vya televisheni na sisi watazamaji tuliokata tiketi tulikubaliana kwamba kilichokuwa kikiuzwa ni sehemu ile ya mwili wake, naye akaishi kwa kuionyesha. Simlaumu. Jukwaa lilimlipa kwa alichotakiwa kukitoa. Nawalaumu wanaodhani kwamba bei ya tiketi ya mwaka 2004 iliwapa hatimiliki ya kiuno hicho hadi leo.

Kisha ugonjwa ukaja. Heroini inayowamaliza vijana wetu hutoka Afghanistan, hupitia pwani ya Makran na kuvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi mwambao wa Afrika Mashariki, ambako huitwa unga. Shirika la Afya Duniani huuorodhesha uraibu miongoni mwa magonjwa, na anayeujua kwa karibu hahitaji shirika lolote kumwambia. Mwili uliozoea unga ukiukosa kwa saa chache huingia katika arosto: mifupa inauma, tumbo linakatika, jasho na baridi vinakuja pamoja, usingizi unakimbia. Mtu katika hali hiyo hatafuti tena starehe. Anatafuta kuacha kuumwa. Chakula hakina nafasi katika siku ya namna hiyo, na ndiyo maana mraibu hukonda hadi nguo zikamwelea.

Desemba 2012, Ray C alifika Ikulu akiwa na mama yake kumshukuru Rais Jakaya Kikwete aliyemsaidia kupata matibabu. Taifa liliiona picha ile. Tiba iliyokuwa ikizungumzwa wakati huo ni methadoni, huduma iliyoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na baadaye mikoa mingine. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na nguvu yake hudumu saa 24 au zaidi. Huzima arosto bila kumlevya mgonjwa aliyepewa kipimo sahihi, na humwezesha kulala, kufanya kazi na kula. Hapo kwenye kula ndipo penye kiini cha mjadala wetu. Hamu ya chakula iliyokuwa imepotea hurudi, hamu ya vitu vitamu huongezeka, na wagonjwa wengi hunenepa. Kwa hiyo, kijana wa Kizota aliyeicheka picha ya pili aliucheka ushahidi wa wazi kwamba dawa ilikuwa ikifanya kazi. Mwanamke yule alikuwa ameanza kula.

Nashangaa zaidi kwamba kicheko hicho kilitokea hapa. Kizota ni mahali penye maghala ya akiba ya taifa ya chakula. Malori hushusha na kupakia mahindi mbele ya macho yetu, na hakuna aliyewahi kulicheka gunia lililojaa. Huu ni uwanda wa ukame. Wazee wa Kigogo walirithishwa masimulizi ya Mtunya, njaa kuu iliyoikumba nchi hii kuanzia mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi yalipokuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Watu waliozikwa katika miaka ile walizikwa wakiwa mifupa. Leo mjukuu wa walionusurika anadhani neno "gunia" ni tusi. Wahenga walisema gunia tupu halisimami. Mwanamke aliyekuwa ameanguka amesimama kwa sababu amejaa, nasi tunamwambia heri angebaki mtupu.

Wala tusijidanganye kwamba kosa ni unene. Angebaki mwembamba tungemcheka vilevile. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na majirani zetu wa Uganda wakauita ugonjwa huo "Slim", wembamba uligeuka kuwa shitaka. Kwa miaka mingi mwanamke aliyekonda alisomwa kama hati ya hospitali, na dada zetu walikula kwa hofu ili wasisemwe. Sasa aliyenenepa anasemwa kwamba amejiachia. Ukiangalia kwa makini utaona kwamba hakuna kilo ambayo mwanamke wa jukwaani anaweza kuwa nayo akaachwa kwa amani.

Wanaume hawapimwi kwenye mizani hiyo. Marehemu Kapteni John Komba wa Tanzania One Theatre alikuwa mtu wa mwili mkubwa sana, na aliimba mbele ya viongozi na umati kwa miaka mingi hadi alipofariki Februari 2015. Tulisikiliza sauti yake. Sikumbuki aliyemtaka apungue ndipo aimbe. Marehemu Remmy Ongala alipopatwa na kiharusi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha akaacha muziki wa dansi na kugeukia Injili, tulisema Mungu amemwinua mja wake. Alirudi akiwa mtu mwingine kabisa, na tulimruhusu awe huyo mtu mwingine. Ray C alipotoka kwenye ugonjwa akiwa na mwili mwingine, tulimdai mwili wa zamani kama tunavyodai mali iliyoazimwa.

Mfano wa kigeni utatusaidia hapa. Etta James, mwimbaji wa Marekani aliyerekodi "At Last" mwaka 1960, aliteswa na heroini kwa miaka mingi. Alikuwa mwanamke mnene kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya muziki. Mwaka 1984 aliimba kwenye ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles. Miaka minne baadaye aliingia tena katika kituo cha matibabu ya uraibu, akatoka, akaendelea kuimba, na mwaka 1993 akaingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki nchini kwake. Kupona kwake hakukuwa safari ya siku moja wala njia iliyonyooka, na mwili wake haukuwahi kuwa ule unaopendwa na magazeti ya mitindo. Nchi yake, yenye dhambi zake nyingi kwa watu weusi na kwa waraibu, angalau ilimpa nafasi ya kuwa sauti. Sisi tulimwambia wa kwetu kwamba bila kiuno hana kitu.

Kuna watakaonijibu kwamba unene nao ni hatari. Ni kweli. Kisukari na shinikizo la damu vinaua, na daktari anayemwambia mgonjwa wake apunguze uzito anafanya kazi yake. Lakini daktari humwambia chumbani, kwa sauti ya chini, baada ya kumpima, na anajua kipi kinaua leo na kipi kinaweza kuua baada ya miaka 20. Anayeweka picha mbili mtandaoni hajapima kitu na hamtakii mtu afya. Wengine watasema mtu maarufu amejiweka hadharani mwenyewe, avumilie. Nao nawauliza: nani alimwambia mgonjwa aje na ugonjwa wake hadharani ili wengine wajifunze? Tulimsifu kwa ujasiri huo, na alipoanzisha taasisi yenye jina lake ya kuwasaidia vijana waliotumbukia kwenye unga tulipiga makofi. Haiwezekani tumwite mwalimu asubuhi na kichekesho jioni.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Ray C ana jina, na jina lilimfikisha Ikulu. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, na kituo chake cha Itega ambako methadoni hutolewa. Vijana wasio na jina hutembea kwenda huko kila siku. Dawa ni ya bure, nauli si ya bure, na aliyekosa nauli leo huamka kesho na arosto. Kwa miaka yote ya huduma hii nchini, wataalamu wamekuwa wakieleza jambo lilelile kuhusu kliniki za methadoni: wanawake ni wachache mno kati ya wanaohudhuria, wachache kuliko sehemu yao miongoni mwa watumiaji. Sababu ni nyingi. Kuna watoto wasio na wa kuwaangalia, kuna wanaume wanaowazuia, kuna umaskini. Juu ya yote hayo kuna aibu. Mwanamume mraibu husemwa kwamba amepotea. Mwanamke mraibu husemwa kwamba ameoza.

Mfikirie basi binti mmoja wa mtaa wowote wa mji huu, anayevuta kwa siri, anayejua kwamba Itega ipo. Yeye naye ana simu. Yeye naye ameiona picha ile na maneno yaliyo chini yake. Amejifunza kwamba ukiumwa utaitwa teja na ukipona utaitwa gunia. Mbele yake hakuna mlango hata mmoja usio na watu wanaocheka. Kwa nini atoke ndani? Hatujamwona akifa, kwa hiyo tunajiona hatuna hatia. Kwa maoni yangu, tunayo.

Serikali nayo haiwezi kukaa pembeni ya hoja hii. Mwaka 2012 msanii mraibu alipokelewa na Rais kama mtoto aliyerudi nyumbani. Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alitangaza mbele ya kamera majina ya wasanii waliotakiwa kufika polisi kuhusu dawa za kulevya. Kati ya matukio hayo mawili, yapi tuyaite sera? Nasema hakuna. La kwanza ni huruma ya mkuu, la pili ni hasira ya mkuu, na mgonjwa hawezi kupanga maisha yake kwa kutegemea hali ya moyo wa mkubwa. Sera ni kliniki iliyo karibu, nauli kwa asiyenayo, saa za huduma zinazomfaa mama mwenye mtoto mgongoni, na mhudumu anayejua kumwambia mgonjwa mapema kwamba mwili wako utabadilika, usiogope, tutakusaidia kula vizuri. Wabunge wanaokutana umbali mfupi kutoka hapa wanaweza kuyazungumza hayo bila kusubiri mtu mwingine maarufu aanguke.

Nilirudi kwa kinyozi juzi. Sikuhutubia, maana mhadhiri anayehutubia akiwa na povu kidevuni hasikilizwi. Nilimwambia tu yule kijana, aliyekuwapo tena, kwamba picha ya kwanza ni ya mtu aliyekuwa akielekea kuumwa na ya pili ni ya mtu aliyekuwa ameanza kupona, nikamwomba aniambie ipi angependa iwe ya dada yake. Alinyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi kaka yangu yuko Itega." Kumbe alikuwa akicheka pamoja nasi ili tusimgundue.

Nimeandika kwa ajili yake pia. Kaka yake akirudi nyumbani amenenepa, majirani wa Kizota, tumwambie karibu.