Mukopo bila mupaka ndio wa kuogopa

Kila mwisho wa mwezi, Kolwezi, Likasi ao Fungurume, malalamiko ni yale yale. Mufanyakazi anaomba benki dola 5.000, wanamwambia atapata 2.000 tu. Anarudi nyumbani na hasira: « Mushahara yangu njo inapitaka kwenu, juu ya nini munanipimia kama mutoto? » Hasira hiyo tunaielewa. Lakini tuseme wazi, ndugu zetu: mupaka wa mukopo si matusi. Wa kuogopa ni yule anayekopesha bila kuuliza kitu.

Tuangalie hesabu. Tuseme mushahara ni dola 600. Mara nyingi benki haitaki deni likule zaidi ya sehemu moja kwa tatu, ni kusema dola 200 kwa mwezi. Kwa miezi 12 inafika 2.400, na intere iko ndani, basi pesa utakayoshika mukononi itakuwa chini ya hapo. Dola 400 zinazobaki ni za nyumba, bunga, makala, usafiri na minervali ya watoto wa sekondari. Sheria ya kazi ya 2002 nayo inalinda sehemu ya mushahara, isikamatwe yote juu ya deni. Tena pesa za benki kwa sehemu kubwa ni akiba za watu wengine. Kesho watakuja kuziomba, na benki haiwezi kuwajibu kwamba wewe hujalipa.

Kuna sababu ingine, na sisi watu wa mugodi tunaijua kuliko wengine. Katikati ya mwaka 2008 tani moja ya shaba ilipita dola 8.000, mwezi wa kumi na mbili ilikuwa chini ya 3.000. Kampuni mingi za Katanga zilifunga milango, na baba wa jamaa wakabaki nyumbani. Februari 2025, bei ya kobalti ilipoanguka, serikali ilisimamisha kuiuzisha inje. Bei inaanguka, kontra inakatika, lakini deni linabaki vile lilivyo. Kama kontra yako inaisha kisha miezi sita, mutu atakukopesha vipi kwa miaka miwili?

Sasa tuangalie ile inaitwa Banque Lambert, mukopeshaji wa mutaa. Yeye haombi fishi ya mushahara. Anachukua karte yako ya benki na kode yake, basi. Unakopa dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150. Ukikosa, unalipa ile 50 ya intere peke yake, na 100 inangoja. Kisha miezi sita umekwisha kulipa dola 300, na ile 100 ya kwanza ingali pale pale. Yeye hana haja ya kukuwekea mupaka, juu mushahara wako unaingia katika mukono wake kabla ya kufika kwa mama na watoto. Tunajua nyumba ambamo baba anashuka katika shimo kila siku na bukari inatoka kwa jirani.

Hata hivyo hatusemi benki imejua yote. Mupaka wake unailinda yeye kwanza. Haioni likelemba ya mama, haioni matanga ya mwezi huu, haioni watoto wa ndugu tunaowalea. Kwa hiyo mupaka wa nyumba unapaswa kuwa chini ya ule wa benki. Mume na muke wakae pamoja na karatasi mbele ya kusinya, waandike kila deni, hata lile la siri. Na wajiulize: kazi ikisimama miezi mitatu, tutalipa na nini?

Tena kuna wale ambao mupaka wao ni sifuri: kreseri. Hawana fishi ya mushahara, basi kwa benki ni kama hawafanye kazi. Hapo tunakatala. Kode ya migodi ya 2018 inawalazimisha kuingia katika koperative. Kama koperative inaandika kila mufuko uliouzwa, kilo zake na bei yake, kitabu hicho kinaweza kuonyesha mapato ya mutu mwaka muzima, miezi mizuri na mibaya. Tunaomba wakubwa wa koperative washike vitabu hivyo vizuri na wampe kila mwanachama nakala yake. Tunaomba benki na kope zikubali kuvisoma, hata kama zitaanza na mukopo mudogo wa dola 50. Na sendika nazo zifundishe wafanyakazi kitu kimoja kwanza: karte ya benki haitolewe rehani kwa mutu yeyote.