Bidhaa Ikishauzwa Hurudishwa

Msomaji akianza safari yake Liwatoni, akapitia Ganjoni, akaingia katikati ya mji hadi Barabara ya Biashara, kisha akateremka Ndia Kuu katika Mji wa Kale, hatakosa kukutana na maneno yale yale katika stakabadhi za maduka na katika vibao vilivyotundikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo yamezoeleka hata hakuna anayeyahoji. Mnunuzi huyasoma akanyamaza, na muuzaji huyashika kama ngao. Mtoto anayetumwa dukani huyakuta pale, naye hukua akiamini kwamba hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya biashara popote duniani.

Kanuni hiyo si ya kweli hata hapa kwetu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kutosha, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ilifuata kuitilia nguvu haki hiyo. Kibao cha dukani hakiwezi kuifuta Katiba. Hata hivyo, jambo linalotushughulisha leo ni lingine. Vijana wetu wameanza kuuza nje ya nchi kwa njia ya intaneti, nao wanakwenda huko na kile kibao vichwani mwao.

Kijana aliyemaliza shule, mwenye simu na ujuzi wa kupiga picha nzuri, anaweza leo kumuuzia mtu wa Hamburg kikoi, kumuuzia mwingine wa Toronto kinyago, na wa tatu wa Maskati kofia iliyoshonwa kwa mkono. Hili ni jambo la kufurahisha, maana ajira ni haba na kazi za mikono za pwani hazina aibu mbele ya za nchi yoyote. Lakini siku atakapopokea barua fupi ya mnunuzi asemaye, "Sikuridhika, nirejeshee fedha zangu," ndipo itakapojulikana kama ni mfanyabiashara au ni mtu aliyebahatika kuuza mara chache. Wengi hughadhibika. Wengine hunyamaza wakidhani kwamba umbali wa bahari utawakinga. Baada ya majuma machache fedha huondolewa katika akaunti zao bila ridhaa yao, na akaunti yenyewe huenda ikafungwa.

Yafaa ieleweke kwamba katika masoko hayo muuzaji si mwamuzi. Katika eBay, mnunuzi ambaye hakupata alichoagiza, au aliyepata kitu tofauti na maelezo, anaweza kudai fedha zake ndani ya siku 30. Aliyelipa kupitia PayPal ana siku 180 za kufungua madai. Amazon humtaka muuzaji aliye nchi ya nje achague moja kati ya mambo matatu: awe na anwani ya kupokelea bidhaa zinazorudishwa katika nchi ya mnunuzi, au ampelekee mnunuzi lebo ya usafirishaji iliyokwisha kulipiwa, au arejeshe fedha zote na bidhaa abaki nayo mnunuzi.

Juu ya kanuni za masoko ziko sheria za nchi. Katika Umoja wa Ulaya, agizo lililoanza kutumika mwezi wa Juni mwaka 2014 linampa mtu aliyenunua kwa mbali siku 14 tangu kupokea bidhaa za kubadili nia yake bila kutoa sababu yoyote. Uingereza ina sheria ya namna hiyo hiyo. Muuzaji anayeielekeza biashara yake kwa wanunuzi wa nchi hizo hana budi kurejesha bei pamoja na gharama ya kawaida ya kupeleka mzigo. Anaruhusiwa kungoja mpaka apokee bidhaa au apate uthibitisho kwamba imetumwa, na gharama ya kuirudisha inaweza kuwa juu ya mnunuzi, mradi tu aliarifiwa mapema. Muuzaji asiyemwarifu mnunuzi kuhusu haki hii huiongeza muda wake kwa miezi 12 zaidi. Kwa maneno mengine, kunyamaza kunamgharimu muuzaji kuliko kusema. Bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vya mnunuzi mwenyewe haimo katika haki hiyo ya kubadili nia, na mafundi wetu wanaoshona kwa oda wangefaidika sana kulijua jambo hili.

Wako watakaosema kwamba hizi ni desturi za kigeni tunazolazimishwa kuzifuata. Sivyo. Wafanyabiashara wa Mji wa Kale walisoma fiqhi ya biashara kabla ya kusoma hesabu za Kizungu, na katika fiqhi hiyo mna mlango mzima wa hiari. Wauziano wana hiari kabla hawajaachana katika kikao. Wana hiari ya sharti, ambayo katika madhehebu ya Shafi haizidi siku tatu. Mnunuzi aliyegundua kasoro iliyofichika ana hiari ya kurudisha. Tena iko ikala, yaani muuzaji kukubali kuuvunja uuzaji kwa hisani pale mwenzake anapojuta, nayo imehesabiwa kuwa tendo lenye thawabu. Kile kibao cha ukutani ndicho kigeni.

Historia nayo inatufunza. Katika karne ya 19, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa mji wa Salem walileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, nacho kikaenea pwani yote hata kikaitwa merikani. Wakati huo sisi ndio tuliokuwa wanunuzi wa mbali. Wageni waliokuja na nguo wasiyoitaka watu walibaki nayo, na viwanda vya ng'ambo vilijifunza kufuata matakwa ya soko la huku. Leo mambo yamegeuka. Sisi ndio tulio mbali na mnunuzi, naye ana haki ya kuchagua kama walivyochagua babu zetu.

Liwatoni, mahali penye gati na majengo ya shughuli za uvuvi, patukumbushe pia mkasa wa samaki. Kati ya mwaka 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo mara kadhaa juu ya samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya salmonella, kisha kipindupindu, kisha masalio ya dawa za sumu. Kenya, Uganda na Tanzania zilipata hasara kubwa. Kulalamika hakukulifungua soko hilo. Lilifunguka baada ya ukaguzi kuimarishwa na kila shehena kuweza kuthibitishwa. Jambo lililoyapata mataifa matatu ndilo linalompata kijana mwenye jozi moja ya viatu.

Basi tuzungumze hesabu, maana wasomaji wa ukurasa huu wengi ni walimu na wanafunzi. Tuchukue mfano wa muuzaji wa makubadhi. Kila jozi inamgharimu shilingi 3,000, naye huiuza kwa 4,000. Mnunuzi hulipa shilingi 3,500 zaidi za usafirishaji. Akiuza jozi 20, anajihesabia faida ya shilingi 20,000. Sasa jozi moja ikataliwe, na kwa kuwa kuirudisha ni ghali, arejeshe fedha zote na viatu vipotelee huko. Amepoteza gharama ya viatu, 3,000, na ya usafirishaji, 3,500. Jozi 19 zilizobaki zimempa faida ya 19,000. Ukitoa 6,500, anabakiwa na 12,500. Jozi moja kati ya 20 imekula shilingi 7,500 za faida aliyoitarajia, zaidi ya theluthi moja. Na hapo hatujahesabu ada za soko na za malipo.

Lakini kama tangu mwanzo angeliongeza shilingi 400 tu juu ya bei ya kila jozi, zile jozi 19 zingelimletea shilingi 7,600, na pengo lingelizibwa. Hii ndiyo hoja yetu kuu. Marejesho ya fedha si ajali wala si uadui wa mnunuzi. Ni gharama ya biashara kama ilivyo kodi ya duka, na mahali pake ni katika bei kabla bidhaa ya kwanza haijauzwa. Asiyeweza kurejesha fedha za mnunuzi mmoja bila kuyumba hajawa tayari kuuza ng'ambo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la muuzaji wa leo halina budi kuwa na safu ya marejesho.

Dawa bora zaidi, hata hivyo, ni kuzuia sababu za kurudisha. Jozi ya kiatu yenye namba 42 kwa vipimo vya bara la Ulaya ni kama namba 8 ya Uingereza na 9 ya wanaume wa Marekani. Muuzaji aandikaye "namba 9" peke yake ameuza ugomvi. Apime unyayo kwa sentimita, aandike. Kofia ipimwe mzunguko wa kichwa. Leso ipigwe picha katika mwanga wa mchana ili rangi isidanganye. Kinyago kilichochongwa kwa mti mbichi hupasuka kikifika katika nyumba zinazopashwa moto wakati wa baridi, kwa hiyo mti ukauke vya kutosha kabla ya kuchongwa. Kasoro ikiwapo isemwe. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli haoni sababu ya kurudisha alichokijua.

Kisha kuna forodha. Mnamo Julai 1, 2021, Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya thamani isiyozidi yuro 22. Mnamo Agosti 29, 2025, Marekani nayo iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Mnunuzi asiyejua mambo haya hushtuka anapodaiwa fedha mlangoni, akakikataa kifurushi. Ni wajibu wa muuzaji kumweleza mapema nani atalipa. Fomu ya forodha ya posta ina mahali pa kuonyesha kama mzigo usiopokelewa urudishwe au uachwe, na watu wengi hupaacha wazi. Tena bidhaa ikirudi Mombasa, mwenyewe asipokuwa na hati za kuonyesha kwamba ilitoka huku, anaweza kudaiwa ushuru kana kwamba ameagiza mali mpya. Hati za kila kifurushi na nambari ya kukifuatilia zihifadhiwe.

Hatusemi kwamba wanunuzi wote ni malaika. Wako wanaovaa nguo harusini kisha wakadai haikuwafaa, na wako wanaodai hawakupokea kitu ilhali wamekitia sahihi. Tena ni kweli kwamba mzigo huu haukugawanywa kwa haki. Muuzaji wa Berlin arudishiwaye shati hulipia nauli ya mjini. Wa Mombasa hulipia nauli ya kuvuka bahari. Masoko makubwa yaliandika kanuni zao bila kumfikiria. Hilo tulilalamikie kwa sauti. Lakini tukiwa tunalalamika, tujikinge: picha za bidhaa kabla ya kufungwa, uzito ulioandikwa, uthibitisho wa kupokelewa, na majibu ya adabu yanayotolewa upesi. Mwamuzi wa soko hayuko Mombasa. Husoma yaliyoandikwa tu, na biashara haigombi.

Lililo zito kwa mmoja huwa jepesi kwa wengi. Wachongaji wa Changamwe waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963, nacho kimewawezesha kuuza kazi zao kwa pamoja. Kwa nini vijana wanaouza mtandaoni wasishirikiane namna hiyo? Wakazi wa pwani wana ndugu Uingereza, Ujerumani, Marekani na katika nchi za Ghuba. Anwani moja ya pamoja katika kila nchi ingewezesha bidhaa zinazorudishwa kukusanywa, kukaguliwa na kuuzwa tena huko huko, badala ya kupotea au kuvuka bahari mara ya pili. Serikali ya kaunti na Posta wangeweza kuusaidia mpango kama huo kwa gharama ndogo.

Walimu wa somo la Biashara wana nafasi ya kuanza mapema zaidi. Maswali ya faida na hasara tuliyoyazoea humalizika pale mnunuzi anapolipa. Yaendelee. Mwanafunzi aulizwe: mnunuzi wa tano amerudisha bidhaa, faida imebaki kiasi gani, na bei ingepaswa kuwa ngapi? Aandike maelezo ya kofia moja kwa namna ambayo mtu asiyewahi kuiona hatakosea. Aandike barua ya kumjibu mnunuzi mwenye hasira, bila matusi na bila kujidhalilisha. Hilo ni zoezi la insha lenye manufaa kuliko mengi tunayoyatoa. Na duka la shule, mahali lilipo, libandike kibao chake chenye maneno mengine: bidhaa yenye kasoro irudishwe ndani ya siku saba pamoja na stakabadhi. Wanafunzi watakaoliendesha kwa muhula mmoja chini ya kanuni hiyo watajua ni kasoro zipi zinazorudisha mali, zinagharimu kiasi gani, na vipi zinaepukika, kabla hawajapoteza shilingi yao ya kwanza ng'ambo.