Gari kubwa kwa bei ya dogo, mafuta ya nani?

Wafanyabiashara wengi wanaoshuka uwanja wa ndege wa Dodoma kwenda Mtumba hupatana bei ya gari wakiwa wameshapakia mizigo. Hapo wamechelewa. Wakati wa Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, wateja ni wengi na mwenye gari hana sababu ya kupunguza. Vikao vikiisha magari hulala, na mteja huweza kupewa Land Cruiser kwa bei ya Corolla. Asikimbilie kushukuru. Kama mafuta ni juu yake, zawadi hiyo ataigharamia kituoni. Barabara ya kufika Mji wa Serikali ni ya lami. Gari dogo linatosha. Anayepitiliza hadi mashamba ya alizeti Kongwa wakati wa mvua, huyo alichukue. Wengine waombe wapunguziwe fedha, na iandikwe kabisa nani anamlipa dereva.