Mashini ya kufulia imechoka: tutengeneze, ao tununue ingine?

Mama mupenzi, na wewe baba unayesoma ukurasa huu nyuma ya mama, mwezi huu tuzungumze juu ya mashini ya kufulia. Ile mulinunua okazioni, miaka mingi imepita. Sasa inapiga kelele sawa lori, maji inabakia ndani, nguo zinatoka zingali na sabuni. Watoto wanasema: «Mama, tununue ingine!» Lakini minerval inangojea, na mushahara ni ule ule.

Wengine watasema mashini ni anasa. Kwetu, mahali pa mini, si anasa. Salopeti ya baba inaingia nyumbani na vumbi ya madini. Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, waliandika kwamba watu wanaoishi karibu na mini na viwanda vya Katanga wako na cobalt mingi ndani ya mukojo, watoto pia. Basi nguo za kazi zinafuliwa peke yake, pasipo kuzikung'uta ndani ya nyumba, tena mara kwa mara. Mikono ya mama inachoka. Ndiyo maana swali la mashini ni la jamaa yote.

Kwanza ujiulize: ni mashini imezeeka kweli, ao ni umeme na maji? Mashini ya 220 volti, kama umeme unashuka mupaka 160, ile resistansi ya kupasha maji inabakia na nguvu ya karibu nusu tu. Maji inakawia kupata moto, mota inasita, na sisi tunasema: «imekufa». Omba fundi apime prizi kwa voltmetre saa ya mangaribi, wakati kila mutu anapika. Angalia pia kichujio kidogo pale tiyo ya maji inaingilia: muchanga unakiziba. Kisha fungua kichujio cha pompi, chini mbele. Mara mingi utakuta vifungo, misumari, ao feza ya chuma. Kazi hii haiombi hata franka moja. Toa tu prizi mbele ya kugusa.

Ya pili, ita fundi, aseme ugonjwa na bei mbele ya kufungua kitu. Kuko magonjwa madogo: mukanda umekatika, sharbon za mota zimeisha, kaochu ya mulango imepasuka. Hayo yatengenezwe bila kusita. Kuko na makubwa: rulma za pipa zimekufa, mota imeungua, karte ya elektroniki imeharibika, ao kutu imetoboa pipa. Hapo shika kalamu. Tuseme mashini ingine ni dola 200, na fundi anaomba 120 juu ya ile ya zamani. Imepita nusu, na kesho kitu kingine kitavunjika. Iache. Lakini usiitupe: uzisha vipande kwa fundi. Na kama mashini inakupiga umeme ukiigusa, usihesabu kitu. Toa prizi leo hii.

Ya tatu: ununue ya namna gani? Hapa wengi wanadanganywa na uzuri. Mashini ya Ulaya yenye mulango mbele inafanya yote peke yake, lakini inaomba umeme wa karibu wati 2.000 wakati wa kupasha maji, na maji yenye nguvu ndani ya robine. Nyingi zinahitaji pipa likae juu sana kupita mashini. Kama kwenu maji inakuja usiku tu, na delestaji ni ya kila siku, itakuwa kabati ya kuwekea maua.

Mashini ya mapipa mawili, moja la kufulia na lingine la kukamulia, ni ya maskini lakini ina akili. Unaijaza kwa ndobo. Inaomba wati mia chache tu. Umeme ukikatika, unaendelea kwa mikono na maji ile ile. Maji ya nguo nyeupe unaweza kufulia za rangi, na mwisho salopeti. Maji ya salopeti usiimwange mu bustani ya lengalenga, wala pale watoto wanachezea. Kweli, inaomba ukae karibu, uhamishe nguo wewe mwenyewe. Lakini fundi yeyote wa mutaa anaijua.

Ukienda kutafuta okazioni, usilipe mashini ambayo haujaiona ikizunguka na maji. Zungusha pipa kwa mukono: kama linalia ao linacheza huku na huku, rulma zimekwisha. Kunja kaochu, tafuta mipasuko. Inama, uangalie kutu chini. Uliza: vipande vyake vinapatikana hapa mujini? Muuzishaji akikataa kuijaribisha, rudi nyumbani na feza yako.

Na hiyo feza itoke wapi? Si kwa deni la wale wanaodai mara mbili mwisho wa mwezi. Likelemba ya bamama watano ao sita wa mutaa inatosha: kila mwezi mumoja anapokea, na zamu yako ikifika unanunua bila deni. Kuko pia majirani wawili wanaonunua mashini moja. Ni vema, lakini muandike kwenye karatasi siku za kila mumoja, na nani atalipa fundi, mbele ugomvi haujafika.

Baba, neno moja kwako. Mbele ya kusema «hakuna feza», fua salopeti yako mwenyewe kwa mukono, wiki mbili tu. Kisha mukae na mama, muhesabu pamoja.

Mwezi kesho tutazungumza juu ya pasi na nguo zinazoungua. Mubakie salama.