Mambo ya Nyumbani: Mbwa Wetu Kando ya Ziwa

Katika likizo ya shule tulitoka Biharamulo kwa gari la rafiki, tukashuka Nyamirembe, kando ya Ziwa Viktoria. Nchi ile zamani ilihesabiwa katika Biharamulo. Siku hizi ni ya Chato, nayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Tulifuatana na watoto na mbwa wetu Simba, ambaye maisha yake yote hakuona maji yapitayo ya ndoo.

Mwaloni palijaa wavuvi na harufu ya dagaa. Basi tukaambaa ukingo hata tukapata mchanga mweupe pasipo mtu, matete huku na huku. Tulifurahi mno. Simba akayabwekea mawimbi, kisha akaenda kunywa penye matete. Mara mzee mmoja, aliyekuwa akitengeneza nyavu kwa mbali, akapaza sauti: “Mwiteni mbwa wenu, enyi wageni! Hapa hapakosi watu bure!”

Tukamwita, asije, ikatubidi kumkimbilia na kumshika shingoni. Mzee akatuonyesha vivimbe viwili juu ya maji, kama ncha za gogo. Kumbe, macho ya mamba! Vikazama pasipo hata kiwimbi. Akatuambia kwamba mamba hawindi kwa mbio bali kwa kungoja, na mnyama anywaye mahali pale pale kila siku humrahisishia kazi. Nasi tulidhani upweke wa mahali ni raha tu. Twakiri tuliona haya.

Watoto nao tukawakataza kuoga, maana katika maji yaliyotulia penye majani hukaa konokono waletao kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha.

Mtoto mmoja akauliza kama twaweza kuvuka na Simba mpaka kisiwa cha Rubondo. La, ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, na mbwa haruhusiwi. Si ukali wa bure: mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaliua yapata theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliwashuku mbwa wa vijijini. Kwa jina la mbwa wetu, watoto walicheka sana.

Tulirudi Simba amefungwa kamba ya katani, ametununia njia nzima. Sasa kila safari hunywa kwanza nyumbani, katika sufuria kuukuu.