Ligi ya michezo ya kutisha inaweza kufaa Uvira, ila kwa mwiko mmoja

Vijana wa Uvira wanajua ligi ya mpira. Ligi ya hadithi za kutisha bado ni jambo geni kwao, ingawa Marekani na Ulaya ina miaka mingi. Watu watano au sita wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Kila mmoja wa wengine anabeba mhusika wake na kusema atafanya nini, kisha dadu zinaamua kama atafaulu. Mchezo unaojulikana sana wa aina hiyo, Call of Cthulhu, ulitolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1981. Humo mhusika ana alama za akili timamu, na kila akikutana na jambo la kutisha anaweza kuzipoteza. Katika ligi, kisa kimoja huchezwa kwenye meza nyingi, na mhusika aliyeokoka anaendelea na kisa kinachofuata.

Uvira inaweza kuanza bila umeme wala intaneti. Dadu, karatasi, kalamu na darasa la shule vinatosha. Visa navyo havikosekani. Mamba Gustave, anayesemekana kuua watu wengi kwenye Rusizi na ufuko wa kaskazini wa Tanganyika, alichochea filamu ya Marekani, Primeval, mwaka 2007. Wageni wameshafanya biashara na hofu ya ziwa hili. Kwa nini vijana wa Kalundu na Kavimvira wasiisimulie wenyewe?

Wapo watakaosema kwamba mji huu umeona hofu ya kutosha: vita, na mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020. Ni kweli. Lakini mezani hofu ina mpaka. Mchezaji akizidiwa anainua mkono, na kisa kinasimama. Tena hakuna anayeokoka peke yake. Mfuliiru, Mbembe, Mvira na Munyamulenge waliokaa meza moja watalazimika kusaidiana.

Hatari ya kweli iko kwingine. Ughaibuni mchawi ni hadithi tu. Kivu Kusini, hadithi ya mchawi inaweza kuishia mlangoni kwa jirani. Mwaka 2021, wanawake walioshukiwa uchawi waliuawa katika jimbo hili, wengine kwa kuchomwa moto. Kisa cha bibi kizee anayekula watoto, kikisimuliwa Jumamosi mbele ya vijana wa miaka 15, Jumatatu kinaweza kuwa uvumi wenye jina la mtu.

Kwa hiyo mwiko uandikwe kabla ya ratiba: ubaya usiwe na sura ya mzee, ya mtoto anayeitwa mchawi, wala ya kabila lolote. Mnyama wa ziwani, mtumbwi unaorudi bila wavuvi, kijiji kilichozama: hivyo vinatisha vya kutosha. Msimulizi atakayevunja mwiko aondolewe mezani, hata kama anasimulia vizuri kuliko wote. Na kabla ya kuhesabu alama za timu, wasimulizi wafundishwe kwanza.