AFANDE, KURUTA SI PUNDA!

Kijana wa Kirumba, wewe uliyekaa kijiweni ukisubiri mitumbwi ya dagaa itie nanga Mwaloni, nakuuliza swali moja. Mtu akikuchapa fimbo mtaani, hiyo ni kesi. Kwa nini akivaa magwanda uambiwe ni 'mafunzo'?

Mdogo wako amemaliza kidato cha sita, kaitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Waulize waliotangulia. Watakusimulia kichurachura mpaka magoti yanatoka damu, kugaragazwa kwenye tope, kutukaniwa mama mbele ya kombania nzima, fimbo za mgongo kwa kosa la kuchelewa foleni. Ukihoji, unaongezewa doso. Ukilia, unachekwa.

Tuelewane. Hatupingi jeshi! JKT ilianzishwa 1963, mafunzo ya lazima yakasitishwa 1994, yakarudishwa 2013. Kijana kuamka alfajiri, kupiga kwata, kukimbia mchakamchaka, kushika jembe na kulala hanga moja na mwenzake wa Mtwara, hilo ni jema. Tunachopinga ni uonevu unaojificha nyuma ya neno 'nidhamu'.

'Ndivyo jeshi lilivyo,' watakwambia. Uongo! Fimbo hiyo ni urithi wa mkoloni. Mjerumani, ambaye jina la Bismarck bado limeng'ang'ania jiwe letu pale ziwani, alitawala kwa kiboko. Adhabu yake iliitwa 'hamsa ishirini', yaani viboko 25. Mjerumani alitimuliwa Mwanza mwaka 1916. Kiboko chake kimebaki kufanya nini?

'Bila kipigo huwezi kupata askari wa vita!' Uongo wa pili! Idi Amin alipikwa KAR, jeshi la Mwingereza, kisha akaifanya Uganda nzima kambi ya mateso. Wazee wa hapa wanakumbuka Machi 1979, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia ilipotaka kuilipua Mwanza, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Aprili 11 Kampala ikaanguka. Jeshi lililotisha raia wake lilikimbia mbele ya wanajeshi na mgambo waliojua wanapigania nini!

Hata Marekani waliamka. Aprili 1956, kambi ya Parris Island, Sajini Matthew McKeon aliwaingiza makuruta majini usiku ili 'kuwatia adabu'. Sita wakafa maji. Sajini alipelekwa mahakama ya kijeshi, na utaratibu wa mafunzo ukabadilishwa. Je, jeshi lao lilidhoofika?

Hapa kwetu sheria ipo. Katiba, ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kinyama au ya kumdhalilisha. Imeandikwa 'mtu'. Haikusema 'isipokuwa kuruta'.

Na usidhani ubaya huu unaishia kambini. Aliyefundishwa kwamba amri ni fimbo, siku akipewa sare atakufundisha wewe. Waliowahi kupanga mitumba Makoroboi wanaijua fimbo ya mgambo. Ilianzia wapi, kama si kwenye kwata?

Tunadai mambo matatu. Kwanza, kuruta aruhusiwe kulalamika kwa mtu asiye chini ya afande wake, bila kulipiziwa kisasi. Pili, anayeumizwa apimwe na daktari, na taarifa imfikie mzazi. Tatu, afande anayejeruhi ashitakiwe, si kuhamishwa kambi kimyakimya.

Mwaka 2013 wabunge vijana walikwenda JKT kwa wiki chache, wakapigwa picha na magwanda, wakarudi Bungeni. Wewe na mdogo wako hampigwi picha. Mnapigwa tu!

Kijana, ukiitwa nenda. Kimbia, lima, tii amri halali. Lakini ukirudi, sema uliyoyaona, na mbunge akija kuomba kura muulize amefanya nini. Punda huchapwa kwa sababu hana ulimi wala kura. Wewe unavyo vyote viwili.